Kosa la Kinjeketile na Ugumu wa Kulihukumu

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, husomwa kwa kawaida kama sifa ya umoja wa wanyonge dhidi ya ukoloni. Usomaji huo una haki yake, lakini unaliruka swali zito kuliko yote yaliyomo: mtu aliyewaunganisha watu kwa ahadi isiyotimia ahukumiwe vipi? Risasi hazikugeuka maji. Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyoletwa na Wajerumani kwa kuchoma mashamba na maghala, viliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Historia inaeleza kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndipo vinaanza. Hakuyaona matokeo ya maji yake. Hussein amebadili jambo hili kwa makusudi: Kinjeketile wa jukwaani anabaki hai hata baada ya wapiganaji kushindwa. Kwa njia hiyo mtunzi anamweka mtuhumiwa mbele ya maiti na kumnyima kisingizio cha kutojua.

Hata hivyo, mashtaka hayawi mepesi. Kwanza kuna nia. Hakuna popote katika tamthilia ambapo Kinjeketile anatafuta mali au cheo. Anaanza na njaa ya watu wake na jasho lao katika shamba la pamba la mkoloni. Pili kuna ujuzi. Alipotoa maji aliamini kwamba Hongo amesema naye. Mashaka yanamwingia baadaye, anapotambua kuwa katika kupagawa kwake ametamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine. Tatu kuna uwezo. Anataka vita visubiri, lakini neno limekwisha kuwa kubwa kumshinda aliyelitamka. Basi kosa lake halianzi pale alipotoa maji. Linaanzia pale aliposhuku, akamfunulia Kitunda, asiwafunulie watu wote. Naye Kitunda, aliyeyasikia mashaka hayo na bado akaongoza jeshi, hawezi kuwekwa nje ya hukumu.

Ugumu unazidi gerezani. Afisa wa Kijerumani anamtaka Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa maana moja, anaombwa kusema kweli. Lakini anayeomba ndiye aliyechoma maghala, na kweli hiyo ataitumia kuwaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kupigania ardhi yao. Kinjeketile anakataa, na hadhira humpigia makofi. Hapa Hussein ameona jambo la msingi: mahakama ya adui haiwezi kupima kosa la mpigania haki, kwa sababu inahukumu madai yake kwa kisingizio cha kosa lake.

Lakini hapa pia ndipo tamthilia inapopungukiwa. Tamthilia imefunguliwa na wanawake wanaozungumza juu ya njaa. Gerezani hayumo hata mmoja wao. Mjane wa mpiganaji hakupewa nafasi ya kuuliza swali lile lile la afisa, kwa haki iliyo tofauti kabisa. Kumnyima adui jibu ni ushujaa. Kumnyima mjane ni deni. Mtunzi ameyafunga mambo haya mawili katika kimya kimoja, na wahakiki wengi wamekipokea kimya hicho bila kukipasua.

Msomaji wa Kongo hawezi kulitazama jambo hili kutoka mbali. Mwaka 1964, mashariki mwa nchi, vijana wa Simba walichanjwa dawa na kwenda vitani wakitaja maji ya Mulele, hali Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, mbali nao. Huko nako, wanaowasifu husahau waliokufa kwa kuamini, na wanaowalaani husahau madai yaliyowasukuma. Kinjeketile inafaa kufundishwa penye kumbukumbu kama hizo, mradi mwanafunzi asiulizwe tu kama Kinjeketile alikuwa shujaa au mdanganyifu. Aulizwe pia nani ana haki ya kumhoji, na angemjibu nini mjane.