Kinanda cha Mtoto wa Pwani: Tathmini ya Utunzi wa Freddie Mercury

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu katika usharika mdogo wa pwani ya Lindi, kijana mpiga kinanda wa kwaya yetu alileta wimbo mpya wa Pasaka. Maneno yake yalitoka katika Injili ya Yohana, wala hayakuwa na kosa. Lakini mahadhi yalikuwa ya taarab, kama yasikikayo arusini kuanzia Kilwa Kivinje hadi Mikindani. Wazee wa usharika waliukataa, nami niliwaunga mkono pasipo kuuliza lo lote juu ya utunzi wenyewe. Kijana yule aliacha kwaya. Tangu siku hiyo nimejiuliza: je, tuliupima wimbo, au tulilipima jina la aina ya muziki?

Swali hilo ndilo linalonileta kwa mtunzi ambaye huenda msomaji hakumtazamia katika kurasa hizi. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wa dini ya Zarathustra, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Sisi wa Kilwa na Lindi hatuwezi kumwita mgeni, kwa maana katika karne ya 19 miji yetu ilikuwa chini ya masultani wa Zanzibar, na taarab tuliyoikataa kanisani ilistawi kwanza katika mji aliozaliwa yeye. Alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akajifunza piano. Alirejea Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor kuanzisha bendi ya Queen. John Deacon alijiunga nao mwaka 1971.

Wengi humkumbuka kama mwimbaji wa jukwaani. Mimi napenda kumtazama kama mpiga piano aliyetunga katika aina nyingi za muziki, na kuuliza ni wapi upana huo ulikuwa na nguvu na ni wapi ulipungukiwa.

Tuanze na “Bohemian Rhapsody” ya mwaka 1975. Wimbo huu una urefu wa karibu dakika sita na hauna kiitikio kinachorudiwa. Unaanza kwa sauti za kwaya zisizosindikizwa na ala, kisha piano inaongoza ungamo la huzuni la kijana aliyeua. Baadaye huja sehemu ya opera, kisha muziki mzito wa magitaa, na mwisho utulivu wa mwanzo hurejea. Kwaya ile kubwa ni sauti za watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, zilizorekodiwa juu kwa juu mara nyingi. Mtu aweza kusema kwamba huu ni mchanganyiko tu. Lakini msikilizaji makini ataona kwamba kila sehemu inafanya kazi yake: ungamo linahitaji sauti moja, hukumu inahitaji umati, na ghadhabu inahitaji magitaa. Aina ya muziki inabadilika kwa sababu hali ya moyo wa mnenaji imebadilika.

Mwaka uliofuata alitunga “Somebody to Love”, akifuata uimbaji wa injili wa Wamarekani weusi, hasa Aretha Franklin aliyempenda sana. Hapa mtu aliyechoka kwa kazi anamlalamikia Mungu kwamba hapendwi na mtu, na kwaya inamjibu na kumsukuma mbele. Wimbo huu hautungwi kwa ajili ya ibada, lakini umbo lake li karibu na zaburi za maombolezo. Linganisha na wimbo wake wa awali uitwao “Jesus”, uliomo katika santuri ya kwanza ya Queen ya mwaka 1973. Huo unamtaja Bwana wazi na kusimulia habari zake, lakini msimuliaji anabaki mbali, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa umati. Kwa maoni yangu, ule usiomtaja Yesu una maombi ndani yake kuliko ule unaobeba jina lake. Walimu wa kwaya wafikiri juu ya jambo hilo.

Alijua pia kujizuia. “Crazy Little Thing Called Love” ya mwaka 1979 aliitunga kwa gitaa, ala asiyoimudu sana, kwa namna ya Elvis Presley, na akauacha wimbo uwe mwepisi. Kisha mwaka 1988 alitoa santuri ya “Barcelona” pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mashuhuri wa opera kutoka Hispania, akishirikiana na Mike Moran katika utunzi. Mwaka 1975 aliiga opera kwa mchezo. Sasa alisimama kando ya bingwa wa opera mwenyewe, na sauti ya kila mmoja ikabaki kuwa yake.

Hata hivyo si kila alipovuka alifika. Katika santuri ya “Hot Space” ya mwaka 1982 na ile ya peke yake ya mwaka 1985, “Mr. Bad Guy”, mashine za muziki wa dansi zilichukua sehemu kubwa, na mara nyingi nasikia humo desturi ya wakati ikiongoza mahali pa wazo la mtunzi. Basi kipimo ni hiki: aina ya muziki yafaa inapotumikia neno na umbo la wimbo, inakuwa vazi tu inapochukuliwa kwa sababu wengine wameivaa.

Sisi Walutheri tuna msingi wa kukipokea kipimo hiki. Kipawa cha muziki ni cha kifungu cha kwanza cha Imani, yaani uumbaji, na Muumba huwagawia watu vipawa bila kuuliza kwanza dini yao. Luther mwenyewe alianzisha wimbo wake wa Krismasi “Vom Himmel hoch” kwa sauti ya wimbo wa mtaani, na mwaka 1539 ukapewa sauti nyingine. Alithubutu, na pia alipima. Mchungaji Bernard Kyamanywa alipoandika “Mfurahini, Haleluya” mwaka 1966 kwa mahadhi ya asili ya nchi yetu, alitupa wimbo wa Pasaka ambao leo huimbwa mbali na Tanzania.

Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 45. Wako wanaokitumia kifo hicho kuufunga mjadala juu ya kazi yake. Mchungaji aliyezika vijana wa pwani hii kwa ugonjwa huo huo hana ruhusa ya kufanya hivyo. Hukumu ya mtu ni ya Mungu. Sisi tumepewa kuipima kazi.

Nasi katika Lindi hatukuipima. Tungeweza kumwuliza kijana yule kwa nini alichagua taarab kwa asubuhi ya ufufuo. Labda angejibu kwamba Mariamu Magdalene alilia bustanini, na kwamba pwani yetu haijui sauti nyingine ya kulia na kufurahi kwa pamoja. Labda jibu lake lingekuwa dhaifu, nasi tungeukataa wimbo kwa haki. Lakini hatukumwuliza.