Kinywa na Sikio: Kielelezo cha Matamshi ya Kiingereza Jinja na Mbale

Mjadala wa kielelezo cha matamshi nchini Uganda huendeshwa kana kwamba lipo chaguo moja tu: matamshi ya wasomi wa kusini mwa Uingereza au Kiingereza cha Uganda chenyewe. Gillian Brown, aliyechapisha mwaka 1972 uchunguzi wa fonolojia ya Lumasaaba, lugha ya wenyeji wa Mbale, aliligawa swali hilo katika kitabu chake Listening to Spoken English (1977). Mwanafunzi aliyezoea usemaji wa polepole na wa makini, alieleza, hushindwa kufuata mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo, kinachofunzwa kinywa si lazima kiwe ndicho kinachofunzwa sikio.

Hoja hiyo ina nguvu, ila sikio la Brown bado humsikiliza Mwingereza. Mbale, Mgisu hukutana kwa Kiingereza na Mteso au Msebei, wasemaji wa lugha za Kiniloti.

Jennifer Jenkins (2000) huwatazama wazungumzaji wa aina hiyo. Hadai sauti ya th; hudai urefu wa irabu, konsonanti nyingine karibu zote, na mkazo. Orodha yake inafaa Jinja, lakini iliundwa bila kuzingatia lugha za huko. Luganda, inayosikika sana mjini humo kando ya Lusoga, hutofautisha okusiba, "kufunga kwa kamba," na okusiiba, "kushinda." Basi mtoto anayechanganya ship na sheep anao tayari urefu wa irabu, hajaonyeshwa tu kwamba Kiingereza nacho huutumia. Kwa upande mwingine, katika Luganda r hufuata i na e, na l hutokea kwingineko, bila kutofautisha maana. Saa zinazopotea kwenye th zingefaa zaidi rice na lice.

Mtaala wa mwaka 2007 unaotumia lugha ya eneo darasa la kwanza hadi la tatu unatoa nafasi ya ulinganisho huo. Kielelezo cha kinywa kiwe msomi wa eneo hilohilo. Kumchagua Mwingereza ni kumhesabu mwalimu mwenyewe kuwa mkosaji kabla hajafungua kinywa. Sikio lipewe sauti nyingi, ya Mwingereza ikiwa mojawapo. Kikwazo kikubwa ni tathmini: mtihani wa kumaliza shule ya msingi ni wa maandishi, na mwalimu anayehukumiwa kwa matokeo yake hana sababu ya kutumia kipindi kizima kusikiliza.