Asiyekuwapo na Lake Halipo: Malalamiko ya Wasomaji kama Uhakiki katika Katuni za Batman

Ikisiri

Makala haya yanachunguza malalamiko ya wasomaji wa katuni za mashujaa za Marekani kuhusu wahusika wanaotelekezwa na wachapishaji. Mfano mkuu ni Stephanie Brown, mhusika wa hadithi za Batman zinazochapishwa na DC Comics. Kwa kuongozwa na nadharia ya upokezi, makala yanadai kwamba kiini cha malalamiko hayo si kifo cha mhusika bali kunyimwa kumbukumbu ndani ya hadithi yenyewe. Yanahitimisha kuwa madai ya wasomaji yalikuwa usomaji makini wa matini, ingawa yana mipaka yake.

1.0 Utangulizi

Katika katuni za mashujaa za Marekani kifo si mwisho wa mhusika. Mhusika huuawa, hufufuliwa baada ya miaka michache, na msomaji wa muda mrefu hashangai. Kwa hiyo mhakiki anayesema kuwa wasomaji hukasirika kwa sababu tu mhusika wanayempenda amekufa hajaeleza chochote. Wasomaji haohao wamevumilia vifo vingi. Tunalopaswa kuuliza ni kwa nini vifo vingine hukubalika na vingine huzua manung'uniko ya miaka.

Methali ya Kiswahili isemayo asiyekuwapo na lake halipo inatupatia pa kuanzia. Katika hadithi, kutokuwapo si sawa na kufa. Mhusika aliyekufa anaweza kuendelea kuwapo iwapo wenzake wanamtaja, wanamlilia, au wanatenda kwa sababu yake. Kwa upande mwingine, mhusika aliye hai anaweza kutoweka kabisa iwapo hakuna anayeuliza aliko. Makala haya yanaita hali hii ya pili utelekezaji, na yanaitofautisha na kifo.

Nadharia inayoongoza uchambuzi ni ya upokezi, hususan mawazo mawili. La kwanza ni la Hans Robert Jauss, aliyeeleza kuwa msomaji huiendea kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kusoma. La pili ni la Wolfgang Iser, kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Mawazo haya yanafaa zaidi kwa hadithi inayochapishwa mfululizo kwa miongo mingi. Humo matarajio hayatokani na utanzu pekee bali na ahadi ambazo hadithi yenyewe imekwisha kuzitoa.

2.0 Umiliki na Soko

Utelekezaji hauwezi kueleweka bila kutazama nani anamiliki mhusika. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130. Tangu enzi hizo, desturi ya kampuni kubwa za katuni imekuwa kumtenga anayebuni na anayemiliki. Mwandishi hufanya kazi kwa malipo, huondoka, na mhusika hubaki kwa mchapishaji. Matokeo yake ni kwamba mhusika anaweza kupoteza mlezi wake wakati wowote. Mwandishi mpya hana wajibu wa kuendeleza alichokikuta, na mwandishi wa zamani hana ruhusa ya kumchukua mhusika akamwendeleze kwingine.

Soko nalo lina sehemu yake. Kuanzia miaka ya 1970 majarida haya yalianza kuuzwa kupitia maduka maalumu yanayoagiza nakala mapema bila haki ya kurudisha zisizouzika. Mwenye duka hukisia mahitaji kabla wateja wake hawajaona toleo lenyewe, na akikosea hasara ni yake. Ni kawaida basi aagize kwa wingi majina yanayojulikana na kwa uchache majina mageni. Mhusika mdogo huonekana hauziki, hapewi nafasi, na kwa kuwa hapewi nafasi hajulikani. Mzunguko huu hauhitaji mhariri mwenye chuki na mhusika yeyote. Haki inataka tulikiri jambo hili mapema, kwa kuwa baadhi ya malalamiko huwapa wahariri nia mbaya mahali ambapo utaratibu wa biashara unatosha kuwa maelezo.

Hata hivyo, soko linaeleza kwa nini mhusika hakosi kukosa jarida lake tu. Halielezi kwa nini wahusika wenzake wanaacha kumkumbuka. Kumbukumbu haigharimu jarida zima. Kisanduku kimoja cha picha kinatosha.

3.0 Robin Wawili na Kabati Moja la Kioo

Mwaka 1988 DC Comics ilichapisha hadithi ambamo Jason Todd, Robin wa pili, alinaswa katika mlipuko. Wasomaji waliombwa kupiga simu kuamua kama angekufa au angepona. Simu 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka apone. Jason akafa. Lakini baada ya kufa hakutoweka. Vazi lake liliwekwa ndani ya kabati la kioo katika pango la Batman, na kwa miaka mingi wachoraji mbalimbali walilichora nyuma ya mazungumzo yasiyomhusu. Kabati hilo lilikuwa kaida ya kisimulizi. Lilimfundisha msomaji kwamba Robin akifa kazini, Batman hubeba hatia yake mahali panapoonekana.

Stephanie Brown aliingia katika hadithi hizi mwaka 1992, akiwa ameundwa na mwandishi Chuck Dixon na mchoraji Tom Lyle. Ni binti wa mhalifu wa daraja la chini, na alivaa kinyago kwa jina la Spoiler ili kuvuruga mipango ya baba yake. Hakuwa tajiri wala hakufunzwa na yeyote. Mwaka 2004 alipewa vazi la Robin, akawa msichana wa kwanza kulivaa katika mfululizo mkuu wa hadithi za Batman. Alilivaa kwa matoleo machache tu, kisha Batman akamfukuza kwa kukaidi amri. Katika kujaribu kuthibitisha uwezo wake alianzisha vita vya magenge bila kukusudia, akateswa na Black Mask katika kurasa zilizochorwa kwa urefu usio wa lazima, na akafa mwaka huohuo.

Hakuwekewa kabati. Hapa ndipo malalamiko yalipochukua umbo. Kuanzia 2006 wasomaji, wengi wao wanawake, waliendesha kampeni ambayo dai lake lilikuwa dogo mno: Stephanie awekewe kumbukumbu kama ya Jason. Hawakudai afufuliwe kwanza. Hawakudai jarida. Walidai kisanduku cha picha.

Tukilipima dai hilo kwa vigezo vya Jauss tunaona uzito wake. Wasomaji hawakuleta kanuni ya nje na kuilazimisha matini. Waliirudishia matini kanuni yake yenyewe. Kama kabati ni alama ya Robin aliyefia kazini, kutokuwapo kwa kabati la pili ni kauli, hata kama hakuna aliyekusudia kuitoa. Kauli hiyo inaweza kusomwa kwa namna mbili: ama Batman hakumhesabu msichana huyu kuwa Robin, ama wanaomwandika Batman walimsahau. Usomaji wa kwanza unabadilisha tabia ya mhusika mkuu na kumfanya mtu mwenye huruma ya kuchagua. Usomaji wa pili unaitoa lawama nje ya hadithi na kuiweka mezani kwa wahariri. Hoja iliyotolewa dhidi ya wasomaji, kwamba Stephanie hakuwahi kuwa Robin kwa maana kamili, haikuondoa ugumu huu. Ilichagua tu usomaji wa kwanza.

Ushahidi kwamba dai lilikuwa la kimatini umo katika jibu la mchapishaji. Mwaka 2008 Stephanie alirejeshwa kwa maelezo kwamba kifo chake kilikuwa cha kubuni. Katika hadithi hiyo Batman anasema alishuku tangu mwanzo kuwa msichana yu hai, na ndiyo maana hakumwekea kumbukumbu. Kwa lugha ya Iser, pengo lilijazwa. Lakini lililojazwa lilikuwa pengo ambalo wasomaji ndio waliolionyesha. Bila malalamiko yao Batman asingekuwa na swali la kujibu. Tunaweza pia kuuliza kama jibu lenyewe linaridhisha. Linamwokoa Batman na lawama ya kusahau, lakini linamtwisha nyingine: alishuku kwamba yu hai, akawaacha waliompenda waendelee kuomboleza.

4.0 Afrika kama Mahali pa Kutoonekana

Kuna jambo katika mifano hii miwili ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita. Jason Todd anauawa katika ghala nchini Ethiopia, alikokwenda kumtafuta mama yake aliyekuwa akifanya kazi ya misaada kwa wenye njaa. Stephanie Brown, wakati wote anaodhaniwa kuwa amekufa, yuko barani Afrika pamoja na daktari Leslie Thompkins aliyemficha. Robin mmoja analetwa Afrika afe, mwingine anafichwa Afrika ili asionekane.

Hoja yetu hapa si kwamba waandishi waliidharau Afrika kwa makusudi. Hoja ni kwamba katika muundo wa hadithi hizi bara letu linafanya kazi ya nje ya jukwaa: ni mahali ambapo mambo yanaweza kutendeka bila kuhitaji kuonyeshwa kwa kina. Msomaji wa Marekani aliyelalamikia Stephanie kufutwa hakuwa na sababu ya kuona kwamba alikofichwa nako pamefutwa. Utelekezaji basi una ngazi. Anayepigania mhusika mmoja akumbukwe anaweza kupokea bila swali usahaulifu mkubwa zaidi uliotumiwa kumrejesha. Hili halibatilishi dai lake, lakini linatukumbusha kwamba upeo wa matarajio wa kila kundi la wasomaji una mwisho wake.

5.0 Vazi Moja, Wasichana Watatu

Mwaka 2009 Stephanie alipata jarida lake, akiwa Batgirl, likiandikwa na Bryan Q. Miller. Lilidumu kwa matoleo 24. Kwa wasomaji waliofanya kampeni ulikuwa ushindi. Lakini vazi alilolivaa lilikuwa na mwenyewe. Cassandra Cain, msichana mwenye asili ya Asia aliyelelewa bila lugha na kufundishwa kusoma miendo ya mwili, alikuwa Batgirl tangu 1999 na alikuwa na jarida lililofikisha matoleo 73. Mwaka 2006 aligeuzwa mhalifu ghafla, kinyume na kila alichokuwa amesimamia. Mwaka 2009 alimkabidhi Stephanie vazi kwa maneno machache, akaondoka.

Mwaka 2011 zamu ikamfikia Stephanie. DC Comics ilianzisha upya majarida yake yote, 52 kwa hesabu, na vazi likarudi kwa Barbara Gordon, Batgirl wa zamani. Barbara alikuwa amepigwa risasi na Joker katika hadithi ya 1988, kisha akageuka kuwa Oracle, shujaa wa kiti cha magurudumu anayeongoza wengine kwa kompyuta. Kumrudishia vazi kulimaanisha kumtembeza tena. Stephanie hakufa safari hii. Hakuwapo tu. Mwaka 2012 Miller alipanga kumtumia katika mfululizo mwingine, Smallville, na nafasi hiyo ikapewa Barbara kabla ya kuchapishwa.

Mnyororo huu unaonyesha kosa la kuyachukulia malalamiko kama ugomvi wa mapenzi kati ya makundi ya mashabiki. Kila msichana alipewa nafasi kwa kuondolewa mwingine, ilhali hakuna sheria ya utanzu iliyolazimisha hivyo. Robin wa kiume walipokua walipewa majina mapya na wakaendelea. Dick Grayson akawa Nightwing, na Jason, aliporejeshwa, akawa Red Hood. Familia ya Batman ilikuwa na nafasi ya wavulana kadhaa kwa wakati mmoja, lakini kwa muda mrefu ilihesabu nafasi ya msichana kuwa moja. Aliyepoteza zaidi pengine ni Oracle, kwa sababu jina lake halikurithiwa na yeyote wakati huo. Wasomaji wenye ulemavu waliolalamikia hilo walikuwa wakitaja hasara ambayo hakuna mauzo ya Batgirl yangeweza kuifidia.

6.0 Mipaka ya Sauti ya Wasomaji

Haitakuwa sahihi kuhitimisha kwamba msomaji ana haki daima. Kura ya 1988 ni onyo. Wasomaji walipopewa mamlaka ya moja kwa moja, tofauti ya simu 72 ilimuua kijana, na zilizohesabiwa zilikuwa simu, si watu. Tofauti kati ya kura ile na kampeni ya 2006 ni ya kimsingi. Kura haikuhitaji sababu. Anayepiga simu hakuulizwa anasoma nini katika hadithi. Kampeni ya kabati ilisimama juu ya hoja inayoweza kupimwa kwa kurasa zilizochapishwa, na kwa hiyo mtu angeweza kuipinga kwa kurasa vilevile. Hapo ndipo malalamiko yanapovuka na kuwa uhakiki: yanapotoa ushahidi ambao hata asiyempenda mhusika analazimika kuujibu.

7.0 Hitimisho

Stephanie alirejeshwa tena mwaka 2014. Kuanzia mwishoni mwa 2021 hadi 2023 yeye na Cassandra walishiriki jarida moja, Batgirls, huku Barbara akiwa mlezi wao. Jarida hilo halikudumu, lakini kwa kuwapo kwake tu lilithibitisha kwamba nafasi haikuwa moja. Kilichodaiwa kuwa lazima ya hadithi kilikuwa uamuzi wa wahariri.

Mchapishaji anamiliki jina, sura na haki ya kuuza. Hamiliki kumbukumbu ya yaliyokwisha kusomwa. Katika hadithi inayobadilisha waandishi kila baada ya miaka michache, mara nyingi wasomaji ndio pekee waliokuwapo tangu mwanzo, na wanaposema kuna mtu hayupo, wanataja jambo lililomo katika matini. Mhakiki wa masimulizi ya mfululizo, ya katuni au ya televisheni, anapaswa kuyasoma malalamiko kama hayo kabla ya kuyaita kelele.