Migomba Yenye Ukinzani Ilivyoingia Katika Vibanja vya Karagwe na Kyerwa

Ndizi za kupika ndizo chakula kikuu cha wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, na hulimwa kibanjani, yaani shamba linalozunguka nyumba, pamoja na kahawa na maharage. Aina zake za asili, kama Enchoncho, Nshakala na Nyoya, ni za kundi la migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Migomba hii haitoi mbegu za kupanda. Huendelezwa kwa machipukizi, kila chipukizi likiwa nakala ya mama yake. Kwa hiyo ugonjwa ukipata udhaifu katika mgomba mmoja, umeupata katika ukoo mzima. Sigatoka nyeusi, ambayo ni fangasi, hukausha majani kabla mkungu haujajaa. Fukusi hutoboa tunguu, nao minyoo ya mizizi huudhoofisha mgomba hadi upepo unauangusha pamoja na mkungu wake.

Juhudi kubwa ya kwanza ilikuwa kuleta aina kutoka nje. Kati ya 1997 na 2002, mradi wa maendeleo ya jamii mkoani Kagera, KCDP, uliofadhiliwa na Ubelgiji, uliagiza miche iliyokuzwa kwenye chupa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Leuven. Miche ililelewa kwanza vitaluni, ikapandwa katika mashamba mama, kisha machipukizi yakasambazwa kijiji kwa kijiji. Zilikuwamo Yangambi Km5 na chotara za kituo cha FHIA cha Honduras, hasa FHIA-17 na FHIA-23. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Ilipata wilaya yake mwaka 2012.

Kwa upande wa afya ya mmea, kazi hiyo ilifaulu. FHIA-17 huhifadhi majani yake hata Sigatoka ikiwapo, na mkungu wake ni mkubwa kuliko wa aina nyingi za kienyeji. Lakini chotara hizo mbili zilizaliwa na Highgate, ndizi ya jamii ya zile zinazoliwa zikiiva, si ndizi ya kupika ya nyanda za juu. Mlaji wa Kagera anataka ndizi ikiiva jikoni iwe laini, ya rangi ya manjano na yenye harufu yake. Chotara haikumpa hayo kikamilifu. Wengi walipanda mashina machache kwa ajili ya soko, matunda mabivu, juisi au rubisi (pombe ya ndizi), na ndizi za mlo wa nyumbani wakaziacha zilivyokuwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na watafiti walipaswa kuutilia maanani: ukinzani peke yake haupikiki.

Njia iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kuzalisha ukinzani kutoka kwa mama wa kienyeji. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, na wa taifa la Uganda walitafuta aina chache za nyanda za juu zinazoweza kupata mbegu, zikiwamo Enzirabahima na Nakawere. Mgomba wa kupika una kromosomu 33. Ukichavushwa kwa Calcutta 4, ndizi mwitu yenye kromosomu 22, baadhi ya watoto hupata zote 33 za mama na 11 za baba, jumla 44. Watoto hao huchavushwa tena kwa dume lililoboreshwa lenye 22, na wajukuu hurudi kwenye 33, hivyo matunda yao hayana mbegu. Kila hatua ni ya subira: maua huchavushwa asubuhi kwa mkono, mkungu mzima unaweza kukosa hata mbegu moja, na kiinitete huokolewa kwa kukuzwa maabarani.

Wajukuu hao ndio chotara zinazoitwa NARITA. Mojawapo ilitolewa Uganda mwaka 2010 kwa jina la Kiwangaazi. Tanzania ilizijaribu katika kituo cha Maruku karibu na Bukoba na Mitalula mkoani Mbeya, na mwaka 2021 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, TARI, ikatoa aina nne: TARIBAN1 hadi TARIBAN4. Safari hii ladha ya ndizi iliyopikwa ilipimwa pamoja na mavuno na afya ya majani.

Unyanjano, mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, ni jambo jingine. Hakuna mgomba unaolimwa wenye ukinzani kamili dhidi yake. Ukinzani umeonekana katika ndizi mwitu ya Musa balbisiana. Uganda imejaribu migomba iliyopandikizwa jeni za pilipili hoho, lakini haijafika kwa wakulima. Bakteria husafirishwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima. Kwa hiyo mkulima anayepanda TARIBAN analazimika kufanya yaleyale ya mwenye Nyoya: kuvunja ua dume kwa mti wa panda mara chane ya mwisho inapotokea, kusafisha panga kwa moto au jiki, na kukata mapema kila mgomba ulioonyesha dalili.