Heko kwa Wauguzi wa Mulago

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwashika watoto wa Uganda. Mwaka 1967 ikaanzishwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, taasisi ya saratani. Majina ya madaktari yamekwisha andikwa. Mimi nawapongeza wauguzi.

Uvimbe huo ni saratani ya limfu: hukua haraka mno, na dawa ikiingia hunywea haraka vilevile. Hapo ndipo penye hatari: seli zikifa kwa wingi humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zikazidiwa. Kwa hiyo muuguzi humtundikia mtoto dripu mapema, hupima kila mkojo na kuandika. Kabla ya kusukuma dawa ya saratani iitwayo vinkristini huvuta kidogo bomba la sindano aone damu, maana dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Siku chache baadaye chembe nyeupe za damu hushuka, na homa yoyote ni dharura. Mama huambiwa asingoje kupambazuke.

Haya yote wauguzi huyafanya huku wakimbembeleza mtoto anayelia, zamu baada ya zamu.