Ngamia wa Kumi na Nane

Baba ameacha ngamia 17. Mwana mkubwa apate nusu, wa kati theluthi, mdogo sehemu moja ya tisa, na ngamia yeyote asichinjwe. Mzee mmoja anawaongezea ngamia wake, wanakuwa 18. Vijana wanachukua 9, 6 na 2, kisha mzee anaondoka na mnyama wake. Wasimuliaji wengi husifu ukarimu wa mzee huyu. Mimi nasifu hesabu yake. Aliona kwamba 18 ndiyo namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 9, akaileta uani ikiwa na miguu minne. Wapo wanaodai kwamba ni kiini macho, maana nusu ya 17 ni 8 na nusu, na kila mwana amepata zaidi ya alichoandikiwa. Ni kweli wote wamezidishiwa, lakini hakuna aliyepunjwa: mafungu yale matatu ukiyajumlisha unapata 17 juu ya 18 tu, na kipande kilichobaki hakikuwa na mwenyewe. Kigawe kwa uwiano uleule na jibu halibadiliki. Wanazuoni wa mirathi wameizoea hali hii na kinyume chake pia, mafungu yanapozidi mali. Inasimuliwa kwamba Khalifa Ali aliulizwa akiwa mimbarini habari za mjane, mabinti wawili, baba na mama wa marehemu. Mafungu yao ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27, ilhali msingi ni 24. Akajibu papo hapo kuwa moja ya nane ya mjane imekuwa moja ya tisa.

Mbagala na Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, hakuna ngamia; kuna nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu kila upande wa korido, jiko na choo uani. Tuseme marehemu ameacha mjane, kijana mmoja na binti mmoja, madeni yamelipwa, na warithi wanafuata sharia ya Kiislamu. Kikokotoo cha simu kitampa mama robo tatu ya chumba, binti chumba kimoja na robo tatu, kijana vitatu na nusu. Fundi gani atajenga kuta hizo? Iuzwe, watasema wengine, fedha hugawanyika. Hugawanyika, ila nyumba inayouzwa kwa haraka hupata bei ya haraka, na mama anageuka mpangaji uzeeni. Mgawaji hodari anabadilisha kitu kinachohesabiwa. Vyumba sita kwa miezi minne ni kodi 24: mama 3, binti 7, kijana 14, zote nzima. Kwa mwaka ni 72, nazo ni 9, 21 na 42. Chumba cha mbele chenye fremu ya duka kikilipa zaidi, hesabu ihamie kwenye shilingi. Msingi wa 24 unabaki palepale. Na mama akiendelea kuishi katika chumba kimoja, kwa miezi minne anatumia kodi nne huku haki yake ni tatu. Mashauri ya mirathi yanayofika Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke yana uchungu mwingi ambao namba haziondoi, lakini kwa hesabu hii wana wanaona wazi kinachobishaniwa: kodi ya chumba kimoja kila baada ya miezi minne, ya kumdai mama yao au kumwachia.