Picha za Kale za Safari: Ni Nani Aliyeona?

Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wenye kukusanya picha za kale za safari kama wengine wanavyokusanya stampu. Hutafuta karatasi zilizopigwa chapa zamani, zenye kuonyesha mito, wafalme, misafara na wanyama wa nchi za mbali. Huzitia katika fremu na kuzitundika ukutani. Picha nyingi kati ya hizo ni za nchi yetu ya Kongo. Hatuwalaumu kwa kupenda vitu vya kale. Lakini kwa kuwa waliochorwa humo ni wazee wetu, tuna haki ya kuuliza: mambo hayo aliyaona nani kwa macho yake?

Tutwae kwanza picha moja yenye sifa kubwa kwa wakusanyaji. Mwaka 1578 Mreno Duarte Lopes alifika katika ufalme wa Kongo. Baadaye mfalme Álvaro wa Kwanza alimtuma kwa Baba Mtakatifu. Huko Roma Lopes alisimulia habari zake kwa Mwitalia Filippo Pigafetta, naye akazitoa katika kitabu mwaka 1591. Miaka michache baadaye kitabu hicho kilipigwa chapa tena huko Frankfurt, kwa Kijerumani mwaka 1597 na kwa Kilatini mwaka 1598, katika karakana ya jamaa ya de Bry, ambao baba yao Theodor alizaliwa Liège. Humo mna picha ya bucha la nyama ya watu: mtu anakatakata, na viungo vimetundikwa kama nyama ya mbuzi sokoni. Yasemwa kuwa hao ni Waanziko, yaani Wateke.

Kwa kazi ya mkono, picha hiyo ni nzuri mno, nasi hatukatai. Fundi alichimba mistari myembamba juu ya bamba la shaba, akapaka wino, akapangusa, wino ukabaki katika mifereji tu. Kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mtambo. Ukingo wa bamba huacha alama karatasini, na kwa alama hiyo mkusanyaji huitambua kazi ya shaba.

Lakini tazameni miili ya watu hao: mikono, mapaja na migongo ni ya sanamu za Warumi wa kale. Jamaa ya de Bry hawakukanyaga Afrika hata siku moja. Naye Lopes aliishi katika ufalme wa Kongo, si kwa Wateke. Wenye kuchunguza historia huzihesabu habari zake juu yao kuwa za kuambiwa. Basi fulani alisikia kwa fulani, akamwambia wa tatu, na wa nne akachora. Tena uvumi huo uliishi kuliko wote waliouleta: mwaka 1863 mtaalamu Mwingereza T. H. Huxley aliirudisha picha hiyo katika kitabu chake juu ya asili ya mtu. Ni miaka mia mbili na sitini na zaidi!

Sasa tutwae nyingine, ambazo hazikupata kutundikwa katika nyumba za matajiri. Karibu na mwaka 1750 Mkapusini mmoja, Bernardino wa Asti, aliyekuwa mmisionari katika Kongo na Angola, alitengeneza kitabu cha picha za rangi ili kuwafundisha mapadri wenzake waliokuwa wakienda huko. Kitabu hicho kimehifadhiwa Torino. Mkono wake si hodari. Watu wake ni wafupi, miti yake ni kama ya mtoto wa shule. Lakini alikuwako. Anaonyesha ubatizo, anaonyesha ndoa, anaonyesha padri anabariki mkuu wa nchi. Na kando ya padri wanaonekana walimu wenyeji, kitambaa cheupe mabegani, ambao bila wao padri asingeelewa neno wala kueleweka. Sisi tulio katika kazi ya ualimu wa dini tulipoona nakala za picha hizo tulikaa kimya kitambo.

Hatusemi kwamba Bernardino hakuwa na upande. Katika picha moja padri anachoma nyumba ya sanamu, na mchoraji anaifurahia kazi hiyo, waliochomewa hawakuulizwa. Shahidi wa macho naye huchagua la kuonyesha. Lakini twajua ni nani anayesema, maana maneno yake yamo pamoja na picha.

Ndilo kosa tunaloliona katika biashara hii. Wachuuzi hupata faida zaidi wakikivunja kitabu na kuuza ukurasa mmoja mmoja. Picha ikitengwa na maneno yake, uvumi na ushahidi huonekana sawa, na yenye mistari mizuri ndiyo hushinda.

Mtu asidhani kwamba mchoraji asiyefika ni mwongo sikuzote. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe kando ya Lualaba, Livingstone aliona watu wa wafanyabiashara ya utumwa wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni, na wengi wakafa majini. Karatasi ilikuwa imemwishia. Aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa matunda ya porini. Alikufa mwaka 1873, na mwaka 1874 Horace Waller alitoa habari zake katika vitabu viwili huko London, akisaidiwa na Chuma na Susi, waliokuwa watumishi wa marehemu. Humo mna picha ya mauaji hayo. Mchoraji hakuiona Nyangwe, lakini aliyemfuata aliona, tena aliandika siku zile zile.

Ukurasa huo nao hukatwa na kuuzwa peke yake. Mnunuzi hupata watu wenye bunduki na wanawake wanaokimbia, na chini yao jina Nyangwe, ambalo kwake ni neno tu. Kwa watu wa Kasongo na Kindu ni mahali pa kufikiwa kwa mtumbwi.